Joka la Majivu Huko Mutuini

Joka la majivu halikuwa kubwa. Lilikuwa kama nguchiro aliyekula akashiba, na wale wanaowaambia watu kwamba liliwahi kumeza mbuzi ni watu wa pombe. Mgongo wake ulikuwa na rangi ya majivu, ndiyo maana ungeweza kulikanyaga jikoni bila kuliona, na ukilikanyaga lilikuuma kifundo cha mguu ukachechemea mpaka Jumapili. Tumbo lilikuwa jekundu likishiba, na la kijivu likiwa na njaa. Moto halikutema. Lilipumua joto tu, kama mtu aliyekula vitunguu akaja kusimama karibu nawe kanisani.

Kazi yake ilikuwa moja. Watu wakienda kulala, lilijilaza juu ya makaa katikati ya mafiga, na asubuhi unakuta moto upo. Kwetu Waithaka nilipokuwa msichana, sikumbuki mama akinunua kiberiti. Wenye kununua kiberiti tuliwahurumia.

Chakula chake kilikuwa magunzi ya mahindi, mifupa, na maganda ya maharagwe. Maji halikunywa. Likiwa gonjwa ulilipa uji vuguvugu, na kama uji una mabonge lilikugeuzia mkia. Mavi yake yalikuwa vidonge vyeusi, vigumu, visivyonuka, na hakuna kitu kilichosugua sufuria vizuri kama hivyo vidonge. Hizi sabuni za unga zinazotangazwa redioni hazijafika hapo. Mvua za masika zikianza lilijivua ngozi, na wazee waligombania ile ngozi wafungie ugoro.

Hilo ninalolieleza ni jike. Jike halikuwa na mabawa na halikutoka nyumbani. Dume ndilo lililokuwa na mabawa, tena mazuri, yenye rangi kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye maji, na zaidi ya hayo mabawa halikuwa na faida yoyote. Mwaka mzima lilikuwa huko msituni likijipigia miluzi. Mwezi wa saba, ukungu ukishuka Dagoretti mpaka huoni ng'ombe wa jirani, madume yalikuja. Yalifuata moshi, yakajipenyeza kwenye nyasi za paa, yakateremka jikoni kwa mtu bila hodi. Yakimaliza shida yao yalikula magunzi yote yakaenda. Nimeona waume wa namna hiyo, lakini leo tunaongea habari za majoka.

Msichana akiolewa, mama yake alimtolea kijoka jike kutoka kwenye mafiga yake. Kilisafiri ndani ya chungu chenye majivu ya nyumbani, na hicho chungu hakubebewa na mtu. Alikibeba mwenyewe. Na hapa ndipo penye sheria, kwa hiyo nisikilizeni. Bi harusi hakujengewa jikoni alipofika. Alipikia kwa mama mkwe mpaka joka lake litage. Mahali lilipotaga ndipo palipokuwa jikoni kwake. Mayai yakihamishwa hufa, moto ukizimika juu yake hufa, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kusema hapa sipendi. Mafiga yaliwekwa pale pale, paa likajengwa juu yake, na kuanzia siku hiyo huyo mwanamke alikuwa na mlango wake, mwiko wake, na mdomo wake.

Mimi niliolewa Mutuini miaka michache baada ya uhuru. Nilitaka jikoni kwangu kuliko nilivyomtaka bwana, na sisemi hivyo kwa ubaya. Bwana nilikuwa nimeshampata.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi aliyenusa kila kitu kabla ya kukiamini. Alinusa unga, alinusa maziwa, na siku niliyofika alininusa mimi. Halafu akafunua chungu changu akanusa joka.

"Hili limelishwa nini huko Waithaka?"

"Magunzi, mama."

"Linanuka kabichi."

Majike mawili hayakai kwenye mafiga yale yale. Joka la mama mkwe lilikuwa zee, limepofuka jicho moja, na lilipoona langu lilifura likawa kama buyu. Basi langu likaishi nje ya mlango, ndani ya debe lenye majivu, na mimi nikaishi ndani, mbele ya moto wa mama mkwe. Nilikoroga akisema koroga. Nilitia chumvi akisema tia, kisha akaja akatia nyingine. Nikipika githeri, mahindi na maharagwe, ikiiva vizuri alisema maharagwe ya mwaka huu ni mazuri. Ikiungua alisema ni mimi.

"Mama," nilimwambia siku moja, "nikipata jikoni kwangu utakuja kula kwangu."

"Nitakuja," akasema. "Nitakuja na chumvi yangu."

Sasa habari ya bwana. Bwana alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali mjini. Alibeba faili kutoka mlango huu mpaka mlango ule, na kwa ajili ya hizo faili alivaa tai hata Jumamosi. Alipata mkopo kazini, akajenga nyumba ya mabati yenye sakafu ya saruji, akaipaka ile rangi nyekundu ya sakafu mpaka kuku wakaogopa kuingia. Watu walipita njia wakisimama kuitazama. Na kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye adabu, yale mabati yaliyobaki alimwezekea mama yake jikoni. Nyasi zikang'olewa, mabati yakapigwa misumari. Mama mkwe akafurahi kwa sababu paa halikuvuja.

Nami nilifurahi, mjinga mimi. Hakuna aliyefikiria. Mwaka ule karibu kila nyumba Mutuini ilikuwa inang'oa nyasi, na mzee wa kanisa alisimama akasema mabati ni maendeleo, tukapiga makofi.

Mwezi wa saba ukafika, na ukungu, na madume. Jioni tunakunywa chai tukasikia kitu kimetua juu ya paa. Halafu tukasikia kucha. Krrrrr, kutoka juu mpaka chini, halafu puu, kwenye matope. Likapanda tena. Krrrrr, puu. Mama mkwe aliendelea kunywa chai. Nilitoka nikakuta dume limekaa kwenye dimbwi, mabawa yamefungana kama mwavuli uliovunjika, linanitazama kana kwamba ni mimi niliyelisukuma. Nililiinua nikalipeleka kwenye debe la jike langu. Likaogopa. Joka dume halijui kulikaribia jike isipokuwa kutoka juu, na lazima kuwe na moshi. Ukiliweka mbele yake uso kwa uso linaanza kusafisha kucha.

Wiki nzima ilikuwa hivyo. Kijiji kizima kililia krrrrr puu, krrrrr puu. Kisha madume yakachoka, yakaenda, na jike langu likabaki na tumbo la kijivu.

"Huyu mnyama wako ni tasa," mama mkwe akasema.

"Ni mabati, mama."

"Langu lilitaga kila mwaka."

"Chini ya nyasi."

"Hata chini ya mwavuli lingetaga."

Kanisani wanawake waliniuliza, "Bado?" na kwa vile sikujua wanauliza habari ya tumbo langu au ya joka, nilijibu bado, na jibu lilifaa pande zote mbili. Mwaka wa pili mambo yakawa yale yale, isipokuwa madume yaliyokuja yalikuwa machache. Mzee wa kanisa alihubiri kwamba joka ni shetani mwenyewe, imeandikwa, na tuyatupe majoka yetu. Mke wake aliyekuwa amekaa mbele yangu alikuna shingo. Jikoni kwake kulikuwa bado kwa nyasi, maana yule mzee alikuwa anahubiri maendeleo zaidi ya kuyanunua, na joka lake lilikuwa limetaga mara mbili.

Habari ya mjini niliipata kwa mwanamke aliyekuwa akipeleka sukuma wiki sokoni. Aliniambia madume hayajaisha. Yamehamia mjini. Nyuma ya duka moja la mikate, karibu na mto, kulikuwa na tanuri la kuni lenye dohani ndefu ya matofali, na mwezi wa saba yanajazana pale juu kama kunguru. Moshi upo, joto lipo, na matofali hayatelezi.

Nikamwambia mama mkwe nitapeleka joka mjini.

Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Joka likienda mjini litarudi na tabia."

"Likirudi na mayai nitavumilia tabia."

"Na nani atanipikia chakula cha mchana?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa na haraka ya mimi kupata jikoni. Angekuwa mjinga kuwa nayo. Alikuwa na mtu wa kuchota maji, wa kupasua kuni, wa kukoroga, na wa kulaumu. Nilimwachia githeri ya jana, nikaweka joka kwenye kiondo pamoja na makaa machache kwenye mkebe, nikafunika na kanga, nikashika njia kwa miguu na akina mama wa mboga.

Ukungu ulikuwa mzito mpaka mjini. Karibu na soko askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, akanisimamisha.

"Umebeba nini, mama?"

"Kuku."

"Kuku gani anatoa moshi?"

"Ni mgonjwa."

Akatazama kiondo. Joka likapumua. Akarudi nyuma hatua moja akasema, "Pita, pita, usituletee ugonjwa."

Tanuri nililipata kwa kufuata harufu ya mkate. Palikuwa na mwanamume anayelisha kuni, mtu wa kutoka magharibi ya nchi, jitu la mabega, amejifunga gunia kiunoni. Juu ya dohani madume yalikuwa yamekaa yamebanana, yanapiga miluzi. Nilimwamkia nikafunua kanga. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, umeleta bi harusi?"

"Nimeleta."

"Na wazazi wamekubali?"

"Mama mkwe amekataa."

"Basi hiyo ni harusi ya kweli," akasema. Akaniambia wanawake wengine wa Dagoretti walikuwa wamekuja kabla yangu, kila mmoja anasema amebeba kuku. Alichukua joka langu kwa koleo lake la mikate, taratibu kama mtu anayeingiza mkate, akaliweka kwenye kibaraza cha matofali pale dohani inapoanza. Moshi ukalifunika. Kule juu miluzi ikanyamaza.

Sitaeleza yaliyofuata. Nitasema tu kwamba dume lililoshuka halikuwa zuri kuliko mengine, lilikuwa na haraka kuliko mengine, na kwamba lilipita mtu na lundo la mikate bila kuangusha hata mmoja. Mwenye duka, Mhindi mzee, alichungulia dirishani, akaona, akafunga dirisha.

Nikiwa bado nimesimama pale uchochoroni natazama juu, akapita bwana. Alikuwa na faili kwapani na karani mmoja wa ofisi yao, kijana wa viatu vya kung'aa. Bwana aliniona. Aliona kiondo, akaona dohani na kilichokuwa kinafanyika huko. Akanyoosha tai.

"Habari ya kazi, mama," akaniambia, kama mtu anavyomsalimu muuza ndizi.

"Njema, bwana," nikajibu. "Na leo jioni utakula kwa nani?"

Yule karani akamtazama. Mtu wa tanuri akageuka akaanza kukohoa ndani ya gunia lake. Bwana akaendelea kutembea.

Jioni alirudi. Alipokunywa uji wake ndipo aliposema, "Mke wangu, pale ni mjini."

"Najua. Nyumbani umeweka mabati."

"Watu wananijua pale."

"Hawakukujua leo. Mke wako mwenyewe hukumjua."

Akachukia, na hasira zake zilikuwa za kimya na za kisafi. Akakataa nisimpigie pasi shati. Atajipigia mwenyewe. Basi kila jioni alijaza pasi ya makaa, akapiga shati lake pale sebuleni juu ya meza, na kwa kuwa nje kulikuwa na baridi na yeye ni mtu wa ofisi, makaa na majivu aliyamwaga kwenye sinia la bati chini ya meza, palipokaa redio yake. Asubuhi alisahau kuyatoa. Mimi sikuyatoa. Aliyekataa mkono wangu nimfuate na ufagio?

Joka langu likaanza kuonyesha dalili za kutaga. Tumbo likawa jeusi, likawa linatafuna vipande vya makaa, na likawa linatoka kwenye debe kuzungukazunguka. Nilikuwa nimechagua mahali pangu, sitadanganya. Kulikuwa na kona karibu na ua, panapoonekana njia, karibu na pipa la maji ya mvua. Niliweka mawe matatu, nikawasha moto mdogo, nikamwaga majivu mengi laini niliyoyachekecha. Joka lilikuja, likanusa, likanya, likaenda zake. Nilihamisha mawe karibu na migomba. Likapita kama halinioni. Mama mkwe naye alikuwa ameziba mlango wa jikoni kwake kwa ubao, lisije likataga kwake, na alikaa kwenye kigoda nyuma ya ubao akinitazama nikibeba mawe.

"Bado hatujajua tunajenga wapi?" akaniuliza.

"Linafikiri, mama."

"Limejifunza mjini kufikiri."

Siku moja likapotea. Nililitafuta kwenye migomba, kwenye banda la ng'ombe, kwenye choo. Nilianza kuona nitakufa nikikoroga kwa mtu. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, na bwana alikuwa amebaki barabarani akiongea na watu wa shati jeupe kama yeye. Niliingia nyumba ya mabati kuvua kitambaa cha kichwa, nikasikia harufu. Chini ya meza, kwenye sinia, ndani ya majivu ya pasi, joka langu lilikuwa limejikunja. Nililiinua mkia. Mayai yalikuwa matatu, ya kijivu, yana moto kama viazi vilivyotoka jivuni.

Sinia lilikuwa karibu lipoe. Nilikimbia kwa mama mkwe nikamwomba makaa. Hakuuliza. Alichota kwenye mafiga yake kwa kigae akanifuata, na tulipofika sebuleni akasimama mlangoni, kwa sababu alikuwa hajawahi kukanyaga ile sakafu nyekundu na viatu vyenye matope. Akaitazama sakafu. Akavitazama viatu. Akaingia.

Aliinama chini ya meza akanusa. Joka likamfuria, naye akalitolea sauti ya kooni, wakaheshimiana. Akaweka kiganja juu ya mayai.

Tulikuwa wawili tu mle ndani. Makaa yalikuwa mkononi mwake. Angesema mayai yameshakufa, ningemwamini, maana yeye ndiye aliyejua na mimi sikujua. Angeyaacha yapoe kidogo tu, akaenda zake kula, na angekuwa na mtu wa kumpikia mwaka mwingine mzima. Nilimwangalia usoni na najua alilifikiria, kwa sababu alikaa pale muda wa mtu kufikiria.

Halafu akayamwaga makaa kuzunguka sinia, polepole, akiyapanga kwa vidole kama hana ngozi.

Bwana akaingia. "Mama? Mnafanya nini na moto kwenye sakafu?"

"Toa redio," mama yake akamwambia.

"Mama, hapa ni sebuleni. Ni mahali pa wageni."

"Wageni watakuja jikoni. Kwani wamekatazwa?"

"Nimelipa saruji. Nimelipa rangi."

"Na majivu umemwaga wewe. Hili joka lilizungushwa uani wiki nzima na mke wako, likaona kote, na likachagua kwako. Ungetoa sinia ungekuwa na sebule." Akanyoosha mgongo. "Toa redio, inapata joto."

Bwana alitutazama sote watatu, pamoja na joka. Alikuwa na shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe. Akachukua redio, akachukua kiti kimoja, akaenda akakaa chini ya mti nje, na pale ndipo alipopokea wageni mpaka alipojenga chumba kingine, cha nyasi mwanzoni kwa sababu mkopo ulikuwa bado unakatwa.

Mawe matatu niliyaleta kutoka migombani. Saruji ilipasuka siku ya pili. Rangi nyekundu iligeuka nyeusi kabla mayai hayajaanguliwa, na mabati yakawa na masizi yanayodondoka kama mvua chafu, ikabidi bwana atoboe paa lake mwenyewe ili moshi upate njia. Mwezi wa saba uliofuata madume yaliingia kwa hilo tundu. Watu wa Mutuini walikuja kutazama, wakaenda nyumbani, na kwa muda ukasikia nyundo kila mahali, waume wanatoboa mabati mapya. Wengine hawakutoboa. Walinunua majiko ya mafuta ya taa, na majoka yao yakafa kwa baridi, na wakaanza kununua kiberiti. Miaka ya sabini ilipofika katikati, ungeweza kutembea kutoka Mutuini mpaka Waithaka usione jiko hata moja lenye joka.

Lakini ninataka kusema habari ya siku ya kwanza. Siku ile ile ya mayai, jioni, niliweka sufuria ya githeri juu ya mafiga yangu, katikati ya sebule ya tarishi wa serikali. Mama mkwe hakwenda kwake. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti kingine cha wageni, miguu haifiki chini. Githeri ilipochemka akainuka, akaja, akanyoosha mkono kuchukua mwiko, kama alivyofanya kila siku tangu nifike.

"Mama," nikamwambia, "uache mwiko."

Akasimama na mkono hewani. Joka liligeuza kichwa chini ya sufuria. Nilikuwa nimeogopa, lakini sikushusha macho.

Akarudi akakaa. Akatoa kitambaa kwenye mshipi wake, akafungua fundo, na ndani palikuwa na chumvi. Akaiweka juu ya goti lake, akangoja apakuliwe.